Kijenzi Kidogo, Mji Mzima: Historia ya Kampuni ya Sprague Electric na Somo Lake kwa Nchi Zinazozungumza Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia chimbuko, ukuaji na kuporomoka kwa Kampuni ya Sprague Electric ya Massachusetts, Marekani, ambayo katika karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa watengenezaji mashuhuri wa kapasita. Kampuni ilianza 1926 katika jiko la nyumba ya mwanzilishi wake, ikakua hadi kuajiri watu 4,137 katika mji mmoja mwaka 1966, na ikafunga kiwanda chake kikuu 1985. Makala yanadai kwamba mtengenezaji wa vijenzi hukua kwa nguvu za mnunuzi na huweza kuanguka kwa uamuzi wa mnunuzi huyo au wa mwenye hisa aliye mbali. Kinachodumu ni maarifa ya kazi, nayo hukaa pale tu yalipopewa watu, shule na lugha ya kuyabeba. Dai hilo linahusishwa na tantalamu, metali ambayo sehemu kubwa ya mawe yake huchimbwa katika maeneo ya Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kazi, na linamalizikia katika swali la istilahi: kwa nini Kiswahili kina maneno ya mwanzo na ya mwisho wa mnyororo wa uzalishaji, lakini kina machache ya katikati?

1.0 Utangulizi

Historia za viwanda zilizoandikwa kwa Kiswahili zimeshughulikia zaidi mkonge, pamba, kahawa, reli na migodi. Vifaa vya kielektroniki vimetajwa kwa kawaida kama bidhaa zilizofika: redio ilipoingia, simu iliposambaa, kompyuta ilipowekwa ofisini. Ni nadra kuuliza vifaa hivyo vimetoka katika mikono ya nani, na nadra zaidi kuuliza kuhusu vijenzi vyake, yaani vile vitu vidogo vinavyounganishwa ndani ya saketi ambavyo mwenye redio huviona pale tu fundi anapoifungua.

Kapasita ni mojawapo ya vijenzi hivyo. Kwa maelezo mepesi, ni kifaa chenye mabamba mawili ya metali yaliyotenganishwa na kihami, kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda na kuiachia inapohitajika. Huchuja mkondo, hutenganisha mawimbi, na hutuliza volteji isiyumbe. Hakuna redio, televisheni wala simu isiyokuwa nayo. Hata hivyo, jina la aliyeitengeneza halionekani kwenye boksi la bidhaa. Hali hii ya kutoonekana ndiyo sifa ya kwanza ya biashara ya vijenzi. Mtengenezaji humuuzia mtengenezaji mwingine, na umma hujua jina la huyo wa pili tu.

Sprague Electric imechaguliwa kwa sababu maisha yake yanaonyesha hali hiyo kwa ukamilifu. Ilianza na mtu mmoja, ikaubeba mji mzima, ikatoa uvumbuzi wa maana, kisha ikagawanywa na kuuzwa vipande vipande.

2.0 Jiko la Quincy, 1926–1930

Robert C. Sprague alizaliwa mwaka 1900 katika familia ya ufundi. Baba yake, Frank J. Sprague, alikuwa mhandisi aliyejipatia jina kwa kufanikisha tramu za umeme katika mji wa Richmond, Virginia, mwaka 1888. Mtoto alisomea katika chuo cha jeshi la majini la Marekani na akawa ofisa wa jeshi hilo. Redio ilikuwa bado jambo jipya, na kama vijana wengi wa wakati wake, alitumia saa zake za mapumziko kuichezea.

Kutokana na shughuli hiyo alibuni kidhibiti cha sauti, kifaa ambacho kingemwezesha msikilizaji kuongeza au kupunguza uzito wa sauti ya redio. Mwaka 1926 alianzisha kampuni katika mji wa Quincy, karibu na Boston, akaiita Sprague Specialties. Kazi ya kwanza ilifanyika jikoni mwa nyumba yake, mkewe akiwa msaidizi.

Kidhibiti hicho hakikupata soko. Kilichopata soko ni kapasita ndogo iliyokuwa ndani yake, ambayo wakati huo iliitwa kondensa. Ilikuwa ndogo na rahisi kutumika kuliko nyingi zilizokuwapo, na waunda redio walihitaji nyingi. Hivyo kampuni ikaacha wazo lililoizaa na kushika kipande cha wazo hilo.

Tukio hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanzilishi alitaka kumuuzia msikilizaji. Soko likamfanya amuuzie mwenye kiwanda. Tangu siku hiyo mafanikio ya kampuni yalitegemea uhai wa viwanda vya watu wengine. Redio zikinunuliwa, kapasita zinanunuliwa. Zikidoda, hakuna pa kuzipeleka, kwa kuwa hakuna anayekwenda dukani kununua kapasita kwa ajili ya sebule yake.

3.0 Mji uliotafuta mpangaji, 1930–1945

North Adams uko kaskazini-magharibi mwa Massachusetts, katika milima ya Berkshire, mahali ambapo matawi mawili ya mto Hoosic hukutana. Nguvu ya maji iliuvutia utengenezaji wa nguo na viatu katika karne ya 19, na reli ya Hoosac, iliyopita chini ya mlima kwa handaki lililokamilika 1875, iliufungulia njia ya masoko ya mashariki na magharibi. Kiwanda kikubwa kilikuwa cha Arnold Print Works, kilichochapa vitambaa tangu miaka ya 1860. Mwaka 1905 kiliajiri watu wapatao 3,200.

Kufikia mwisho wa muongo wa 1920 viwanda vya nguo vya New England vilikuwa vikihamia majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo na pamba ilikuwa karibu. Majengo makubwa ya matofali yalibaki matupu. Mwaka 1930, Mdororo Mkuu ukiwa umekwisha kuanza, Sprague alihamishia kampuni yake North Adams, katika jengo lililokuwa kiwanda cha nguo kwenye mtaa wa Beaver. Mji ulipata mwajiri. Kampuni ilipata majengo, nafasi na mikono.

Mikono hiyo ndiyo jambo la kuzingatiwa. Kapasita za wakati huo zilitengenezwa kwa kusokota pamoja utepe mwembamba wa metali na karatasi, kisha kulowesha msokoto huo kwa nta au mafuta na kuufunga. Ni kazi inayodai wepesi wa vidole, macho makali na uvumilivu. Watu waliokuwa wamefanya kazi ya uzi na kitambaa waliyajua mambo hayo. Wanawake walikuwa sehemu kubwa ya wafanyakazi wa kusokota na kuunganisha, na wengi wao walitoka katika familia zilizokuwa zimefanya kazi ya nguo kwa vizazi viwili au vitatu. Kwa maneno mengine, tasnia mpya haikuangukia mahali patupu. Ilirithi nidhamu na ustadi wa tasnia iliyokuwa ikifa.

Vita vya Pili vya Dunia vilibadili ukubwa wa shughuli. Mwaka 1942 Arnold Print Works iliondoka kwenye eneo lake la mtaa wa Marshall, na Sprague ikalinunua. Serikali ya Marekani iliwataka wanafizikia, wanakemia na mafundi wa kampuni wabuni na kutengeneza vijenzi vya silaha zake za kisasa, na baadhi yake vilitumika katika bomu la atomiki. Kampuni iliyokuwa imezoea kuwauzia waunda redio sasa ilikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa asiyebishania bei kama raia, lakini aliyetaka kila kijenzi kiwe sahihi. Viwango vya ukaguzi vilipanda, maabara ikapanuka, na watafiti wakawa na nafasi ya kudumu katika kampuni.

4.0 Tantalamu na maabara

Baada ya vita jina lilikuwa tayari limekuwa Sprague Electric, na soko lilikuwa na milango miwili: televisheni kwa raia, na makombora na vyombo vya anga kwa serikali. Ukaribu wa kampuni na serikali unaonekana hata katika nafasi ya mwanzilishi wake. Mwaka 1957 Robert Sprague alikuwa mmoja wa viongozi wa kamati ya Gaither, iliyomshauri Rais Eisenhower kuhusu ulinzi wa nchi dhidi ya mashambulizi ya nyuklia.

Mabadiliko makubwa ya kiufundi yalitokana na transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwaka 1947. Transista ilikuwa ndogo na ilitumia volteji ndogo. Kapasita za karatasi na nta zilionekana mizigo kando yake. Katika muongo wa 1950 maabara hizo za Bell zilibuni kapasita ya tantalamu isiyokuwa na kimiminika ndani, na Sprague ikawa miongoni mwa kampuni za kwanza kuiendeleza na kuizalisha kwa wingi. Preston Robinson, mkuu wa utafiti wa Sprague, alipata hataza katika uwanja huo.

Jinsi inavyotengenezwa inafaa kuelezwa, kwa kuwa hoja ya sehemu ya mwisho ya makala haya inategemea maelezo hayo. Tantalamu ni metali ngumu isiyoliwa na asidi nyingi, na huyeyuka kwenye joto la takribani sentigredi 3,000. Husagwa ikawa unga laini sana. Unga hushindiliwa kuuzunguka waya na kuwa kidonge, kisha kidonge hupashwa moto mkali ndani ya ombwe, kiasi cha chembe zake kushikana bila kuyeyuka. Kinachopatikana ni kitu kama sifongo ya metali, chenye uso mpana mno ndani ya umbo dogo. Sifongo hiyo huzamishwa katika elektroliti na kupitishiwa umeme, hadi kila uso wake ufunikwe na utando mwembamba wa oksidi. Utando huo ndio kihami. Kisha matundu hujazwa dioksidi ya manganizi, ambayo huwa bamba la pili. Kwa kuwa uso ni mpana na kihami ni chembamba, kapasita yenye ukubwa wa punje ya mchele huweza kuhifadhi chaji ambayo kapasita ya karatasi ingehitaji umbo kubwa mara nyingi zaidi.

Maabara ya North Adams haikuishia hapo. Mwaka 1959 mwanafizikia Kurt Lehovec, akiwa mtafiti wa Sprague, alibuni njia ya kutenganisha transista zilizo katika kipande kimoja cha semikonda kwa kutumia maungio ya semikonda yenyewe. Hataza yake ilitolewa 1962. Bila njia ya utenganisho, saketi jumuishi isingewezekana kuzalishwa kama ilivyozalishwa. Hivyo mojawapo ya nguzo za teknolojia ya kompyuta ilitoka katika mji mdogo wa milimani uliokuwa ukichapa vitambaa miaka ishirini tu nyuma. Pamoja na hayo, Sprague haikuwa jina kubwa la saketi jumuishi. Iliwekeza katika semikonda na kuendesha kiwanda cha bidhaa hizo Worcester, lakini ushindi katika uwanja huo ulikwenda kwa kampuni nyingine.

5.0 Kiwanda kama mji

Mwaka 1966 Sprague iliajiri watu 4,137 katika North Adams, mji wa wakazi wapatao 18,000. Idadi hiyo inalingana na karibu robo ya wakazi wote, watoto na wazee wakiwamo. Ni vigumu kuipata familia ambayo haikuwa na mtu wake kiwandani.

Kampuni ilikuwa na kituo cha redio, okestra, shule ya ufundi, maktaba ya utafiti, mahali pa kulelea watoto, zahanati, duka la ushirika, timu za michezo na hata klabu ya kulenga shabaha. Vijenzi vyake vilikuwa katika mifumo ya kurushia vyombo vya anga vya mradi wa Gemini. Mwanamke aliyekagua kapasita asubuhi aliweza kumwacha mtoto katika malezi ya kampuni, kununua chakula katika ushirika wa kampuni, na jioni kusikiliza redio ya kampuni.

Mpangilio huu ulikuwa na faida zake, nazo hazipaswi kubezwa. Shule ya ufundi ilimpandisha mtu kutoka kusokota hadi kupima, na kutoka kupima hadi kurekebisha mashine. Hata hivyo, ulikuwa na udhaifu uliofichwa na wema wake. Kila huduma iliyokuwa mikononi mwa kampuni ilikuwa huduma ambayo mji wenyewe haukujifunza kuiendesha. Mji ulitegemea kampuni, na kampuni ilitegemea wanunuzi ambao wakazi wa North Adams hawakuwajua kwa majina. Utegemezi ulikuwa na ngazi mbili, na ngazi ya juu haikuonekana kutoka chini.

6.0 Kushuka

Mwaka 1970 wafanyakazi wa North Adams waligoma kwa wiki kumi. Makundi yaliyokuwa yakijadiliana na mwajiri kila moja kivyake, yaani wafanyakazi wa uzalishaji, mafundi wa kiufundi na makanika wa mashine, yalisimama pamoja. Kwa kampuni iliyojiona kama familia, tukio hilo lilikuwa mpasuko. Tangu hapo zimekuwapo simulizi mbili. Moja inasema mgomo ndio ulioiua Sprague. Nyingine inasema kampuni ilikuwa imekwisha kuanza kuhamisha kazi, na mgomo ulikuwa jibu la watu waliokuwa wakiuona mwisho ukija.

Mpangilio wa matukio unaipa nguvu simulizi ya pili. Kampuni ilikuwa imefungua viwanda katika maeneo mengine muda mrefu kabla ya mgomo, na bei za vijenzi zilikuwa zikishuka duniani kote. Nchini Japani, kampuni kama TDK, iliyoanzishwa 1935, na Murata, iliyoanzishwa 1944, zilikuwa zimejikita katika vijenzi vya seramiki na feriti, zikawa zinawauzia waunda redio na televisheni wa Japani waliokuwa wakilichukua soko la Marekani lenyewe. Hapa ndipo asili ya biashara iliyochaguliwa Quincy ilipojitokeza. Mnunuzi wa kapasita ni mwenye kiwanda cha televisheni. Kiwanda cha televisheni kilipohamia Asia, mnunuzi naye alihamia huko, na muuzaji wa kapasita wa karibu naye akawa na nafasi bora. Wafanyakazi wa North Adams hawakupoteza ustadi wao. Walipoteza jirani wa kumuuzia.

Umiliki nao uliondoka mjini. Katika nusu ya pili ya muongo wa 1970 Sprague iliingia mikononi mwa kampuni ya nyaya ya General Cable, ambayo baadaye ilibadili jina kuwa GK Technologies. Mwaka 1981 GK ilinunuliwa na Penn Central, shirika lililotokana na kampuni ya reli iliyofilisika. Uamuzi juu ya mtaa wa Marshall sasa ulifanywa na watu ambao kwao Sprague ilikuwa mstari mmoja katika hesabu ndefu. Mwaka 1985 kiwanda cha mtaa wa Marshall kilifungwa.

Kilichofuata ni mgawanyo. Sehemu ya semikonda ya Worcester ilinunuliwa mwaka 1990 na Sanken ya Japani, ikawa Allegro MicroSystems. Biashara ya tantalamu ilinunuliwa mwaka 1992 na Vishay, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1962 na Felix Zandman, mhandisi aliyenusurika mauaji ya Wayahudi nchini Poland. Majengo ya mtaa wa Marshall yalibuniwa kuwa makumbusho ya sanaa ya kisasa, MASS MoCA, yaliyofunguliwa 1999. Wanaoyatembelea leo hupita chini ya dari zilezile zilizowahi kufunika mashine za kuchapia vitambaa na baadaye meza za kusokotea kapasita.

Mgawanyo huo unatoa jibu la swali la nini hasa kilikuwa mali ya Sprague. Majengo yalibaki, lakini yakawa kitu kingine. Jina liliuzwa. Kilichoendelea kufanya kazi ni maarifa: namna ya kutengeneza kapasita ya tantalamu na namna ya kutengeneza semikonda. Maarifa hayo yaliwafuata watu na maabara, na pale yalipokuwa na watu na maabara, kampuni mpya zilisimama. Kwa North Adams, ambako kazi nyingi zilizobaki zilikuwa za mikono, kulikuwa na kidogo cha kusimamia.

7.0 Upande wa pili wa mnyororo

Hadi hapa historia imesimuliwa kutokea kiwandani. Lakini unga wa tantalamu una chanzo chake. Mawe yenye tantalamu hupatikana Brazili, Australia, Nijeria na kwingineko, na kwa kiasi kikubwa katika Kongo na Rwanda. Wakati wa utawala wa Ubelgiji, Manono, katika Katanga ya kaskazini, palikuwa na mgodi mkubwa wa bati uliotoa pia mawe ya tantalamu. Katika miongo ya karibuni uchimbaji umeenea zaidi katika Kivu, ambako wachimbaji wadogo hufanya kazi kwa sururu, koleo na karai, na huosha mchanga katika vijito.

Neno linalotumika huko ni koltani, ufupisho wa majina ya madini mawili, kolumbiti na tantaliti, uliozoeleka katika biashara ya Afrika ya Kati. Neno hilo lilisikika duniani mwishoni mwa mwaka 2000, bei ya tantalamu ilipopanda mara kadhaa kutokana na mahitaji ya watengenezaji wa simu na kompyuta, kisha ikaanguka mwaka uliofuata. Wakulima na wanafunzi walioacha jembe na daftari kwenda machimboni walijikuta na mashimo yasiyo na mnunuzi. Fedha za madini zilitumika pia kuendesha vita. Mwaka 2010 sheria ya mageuzi ya fedha ya Marekani, katika kifungu cha 1502, ilizitaka kampuni zilizoorodheshwa katika soko la hisa kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu wanayotumia inatoka Kongo au nchi zinazopakana nayo.

Ulinganisho na North Adams una mipaka yake. Mfanyakazi wa Sprague alikuwa na chama, zahanati na mshahara wa kila wiki. Mchimbaji wa Kivu mara nyingi hana hata kimoja. Kinacholingana ni nafasi yao katika mnyororo. Wote wawili hutoa kitu ambacho mtumiaji wa mwisho hakijui, kwa mnunuzi asiyekaa kwao, kwa bei inayoamuliwa mbali. Tofauti ya msingi ni kwamba North Adams, kwa muda wa nusu karne, ilikuwa na maabara.

8.0 Suala la lugha

Katika maeneo mengi ya Kivu na Katanga Kiswahili ndicho lugha inayotumika shimoni na katika biashara ya mawe. Ni lugha hiyohiyo inayotumika na fundi wa redio Kigoma, Bujumbura au Mombasa anapobadilisha kapasita iliyovimba. Kwa hiyo Kiswahili kinasikika katika ncha zote mbili za historia hii: pale jiwe linapotoka ardhini, na pale kijenzi kinapochoka.

Msamiati unaiakisi hali hiyo kwa uaminifu. Kwa kazi ya machimboni, lugha ina vitenzi vyake: kuchimba, kuponda, kuchekecha, kupepeta, kuosha. Kwa bidhaa iliyokamilika, ina nomino zilizokuja na bidhaa: kapasita, transista, saketi, redio. Nomino hizi ni mikopo, na mkopo si kasoro. Kiswahili kimekopa kwa karne nyingi na kimestawi. Linalostahili kuangaliwa ni sehemu ya katikati. Katika sehemu ya nne ya makala haya, hatua ya kupasha unga wa metali moto hadi chembe zishikane bila kuyeyuka imeelezwa kwa maneno mengi, kwa sababu hakuna neno moja lililozoeleka. Hali ni hiyohiyo kwa hatua ya kukuza utando wa oksidi kwa umeme. Nomino husafiri ndani ya boksi la bidhaa, lakini vitenzi vya kazi haviletwi na boksi. Huzaliwa mahali ambapo watu wanaifanya kazi na kuizungumzia.

Historia ya kanda inathibitisha hilo. Baada ya uhuru, Tanzania ilikuwa na viwanda vilivyounganisha redio, kikiwamo cha Philips mjini Arusha na cha Matsushita jijini Dar es Salaam. Viwanda hivyo vilitoa ajira na vilizoesha mikono, lakini kuunganisha si kutengeneza vijenzi. Vijenzi viliagizwa, na pamoja navyo majina yake. Leo kuna dalili za mwelekeo tofauti, kama kampuni ya Semiconductor Technologies iliyo katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi huko Nyeri, Kenya. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mgodi, chuo na soko vimo ndani ya jumuiya moja, na Kiswahili kinaweza kuviunganisha.

Kazi ya wanaistilahi basi haiwezi kuanza na kuishia katika orodha ya nomino. Orodha hiyo ipo kwa kiasi kikubwa, katika kamusi za sayansi na vitabu vya fizikia. Kinachopungua ni lugha ya mchakato: miongozo ya mashine, maelezo ya usalama, masomo ya vyuo vya ufundi, ripoti za ukaguzi. Shule ya ufundi ya Sprague ilifundisha kwa lugha ambayo wanafunzi wake waliizungumza nyumbani. Jambo hilo lilionekana la kawaida mno kwa wenyewe hata likahitaji kutajwa, lakini kwa mtazamo wa Afrika Mashariki ni sharti la kwanza lililotimizwa kabla ya mashine kuwashwa.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba Sprague Electric ilizaliwa pale kifaa kilichokusudiwa kiliposhindwa na kijenzi chake kikafaulu, ikakua kwa kurithi ustadi wa viwanda vya nguo na fedha za vita, na ikaanguka wanunuzi wake walipohama na umiliki wake ulipokwenda mbali. Mgomo wa 1970 ulikuwa dalili zaidi kuliko chanzo. Baada ya kufungwa, yaliyoendelea kuzalisha ni maarifa, na yaliendelea pale yalipokuwa na watu wa kuyashika.

Kwa nchi zinazozungumza Kiswahili, kujenga kiwanda na kuhesabu ajira si kipimo kinachotosha. North Adams ilikuwa na ajira 4,137, na miaka 19 baadaye mtaa wa Marshall ulifungwa. Kipimo cha kudumu zaidi ni kiasi cha kazi ya katikati, kati ya jiwe na saketi, ambacho mtu wa kawaida wa mahali pale anaweza kukifanya, kukieleza na kumfundisha mwenzake kwa lugha yake. Wataalamu wa Kiswahili hawawezi kuijenga tanuri ya kupashia unga wa tantalamu. Wanaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba siku itakapojengwa Kivu, Kigoma au Nyeri, anayeisimamia atakuwa na maneno ya kumweleza kijana aliye kando yake kinachotendeka ndani yake.